Tangi la Dada Kwenye Nyumba ya Dobi

Dada alirudi nyumbani na begi moja la nguo, mfuko wa kokoto zilizolowa, na ndoo yenye samaki saba. Tangi lenyewe la kioo lilikuja nyuma yake mikononi mwa dereva wa teksi, ambaye alikuwa anahema na kulalamika kwamba angeambiwa mapema kuwa anahamisha ziwa, angekuja na lori.

Mama alikuwa uani anakamua shuka za hoteli. Akaangalia begi, akaangalia ndoo, akamwangalia Dada usoni. Hakuuliza kitu. Niliyeuliza ni mimi, kitinda mimba wa nyumba hii. Wananiita Redio, eti sina kitufe cha kuzima.

"Dada, umeachika?"

"Nimekuja kutembea tu."

"Na hao samaki?"

"Nao wamekuja kutembea."

"Na Shemeji je?"

"Redio," Mama akasema bila kugeuka, "nenda kaangalie kama pasi haijazima."

Pasi yetu haijawahi kuzima tangu nizaliwe. Lakini nilielewa, nikaenda.

Habari kamili niliipata baadaye kwa kusikiliza mlangoni, njia ambayo haijawahi kuniangusha. Dada alikuwa na mimba, ikatoka kabla hata gauni halijaanza kubana. Daktari alimweleza kwamba mambo hayo hutokea, hakuna alichokosea, aende akapumzike. Dada akaenda kupumzika, lakini Shemeji ni mtu wa utani, na mtu wa utani hapumzishi watu. Siku moja mbele ya ndugu zake alimshika Dada viganja, akavigeuza juu chini kama mtu anayekagua maembe sokoni, akasema, "Mikono yako ina nini wewe? Hata ua la plastiki ukilimwagilia litanyauka."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, kwa sababu ukitaniwa usipocheka wanasema una roho mbaya. Kesho yake akaenda dukani akanunua tangi na samaki.

"Nilitaka nitunze kitu," alimwambia Mama usiku huo wa kwanza. "Kitu kiishi mikononi mwangu, akione. Kama hawa wataishi, basi yeye ni mwongo."

"Na wasipoishi?"

Dada alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kila mtu alijua: wale samaki hawakuwa pambo. Tangi tuliliweka sebuleni, juu ya meza ya kukunjia nguo, na Dada akatoa amri moja tu: "Jamani, naomba msiliguse. Mimi mwenyewe nitalihudumia."

Samaki hakuwapa majina, akisema hataki kuzoeana nao sana. Kazi hiyo nikaichukua mimi. Kulikuwa na yule mnene mwenye midomo ya kubinua, ambaye alikaa mbele ya kioo siku nzima bila kufanya kazi yoyote, nikamwita Mwenyekiti. Wawili waliomfuata nyuma kila aendako nikawaita Wajumbe. Mweupe mwenye mkia mrefu wa kuburuza alikuwa Bibi Harusi. Mapacha walikuwa mapacha. Na mmoja mwenye mistari, aliyezunguka tangi akimsukuma kila anayemkuta kasimama, huyo alikuwa Mgambo.

Sasa niwaeleze nyumba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Mama ni dobi. Si dobi wa kufua tu na kuanika. Mama anafua makoti ya madaktari, vitambaa vya meza vya hoteli, na gauni la harusi lililomwagikiwa mchuzi, na bibi harusi akija kulichukua analia kwa furaha. Mama akiliona doa anajua ulikula nini, ulikula na nani, na kama aliyelipa ni wewe. Hivyo ndivyo alivyotulea baada ya Baba kufariki. Mama hajui kumwambia mtu "nakupenda". Ukiumwa, anakufulia shuka. Ukifeli mtihani, unakuta viatu vyako vimesuguliwa mpaka soli. Nilipovunjika mkono alinipigia pasi hata soksi. Nyumbani kwetu kitu kikiwa na harufu, kina bahati mbaya.

Na tangi lilikuwa na harufu. Si kali, harufu ya bwawa tu, kama jani lililolala majini. Nilimwona Mama siku ya kwanza akipita pale, akisimama, akivuta pumzi puani, na vidole vikimcheza kama vya mpiga kinanda. Akaendelea na safari yake. Nikajua anateseka.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Dada alikuwa anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, na alikuwa akirudi, hata viatu havui, anakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Mwenyekiti anambinulia midomo. Dada anatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la kuazima, lakini tulikuwa hatujaliona kwa muda mrefu, tukalipokea.

Jumamosi tukamkuta Mjumbe mmoja anaelea ubavu.

Dada alimtoa kwa kijiko. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono, akaendelea kunawa, akanawa tena. Kisha akaigeuza juu chini akaiangalia. Mimi nilikuwa na utani kuhusu kamati kukosa akidi, nikauacha nikamletea taulo.

"Ni mmoja tu," Mama akasema. "Labda alikuja mgonjwa."

Wiki iliyofuata, Jumamosi, akafa Mjumbe wa pili. Iliyofuata, mmoja wa Mapacha. Waliobaki walikuwa wanapanda juu na kuhema, midomo ikigonga uso wa maji kama watu wanaoomba kufunguliwa dirisha.

Na kila Jumapili Shemeji alikuwa anapiga simu. Simu ya Dada ina sauti kubwa, ukiongea nayo sebuleni hata aliye jikoni anashiriki.

"Enhe, mama samaki! Leo wangapi?"

"Amekufa mmoja," Dada alikuwa anajibu. Dada hajui kudanganya. Ndiyo kasoro yake kubwa.

"Mmoja tu? Basi unaendelea vizuri!" Halafu anacheka peke yake. Akimaliza kucheka analainisha sauti. "Sikia, mke wangu. Mimi sina kinyongo. Rudi nyumbani. Na Mungu akitujalia mtoto, atalelewa kwa mama yangu, wewe mikono yako tutaipumzisha. Hakuna atakayekulaumu. Si umeona mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoacha kumwona kuwa mtu wa utani. Mimi natania, najua utani una mwisho wake. Huyu alikuwa anajenga nyumba kwa utani, tofali kwa tofali, ili amfungie mtu ndani.

Dada hakukaa bure. Alikwenda dukani alikonunua wale samaki, na mimi nikamsindikiza. Muuzaji alikuwa kijana mwenye koti jeupe lisilo na sababu, na kalamu tatu mfukoni. Nikambatiza Daktari Mapezi palepale.

"Wanakula?" akauliza.

"Kidogo sana."

"Basi waongezee chakula."

"Lakini kinabaki chini, kinaoza."

"Basi badilisha maji yote. Yote! Usiache hata tone. Halafu weka hii." Akatoa kichupa cha dawa ya buluu. "Matone kumi. Wakizidiwa, ishirini."

"Inatibu nini?" nikamuuliza.

"Inategemea wanaumwa nini."

"Wanaumwa nini?"

Akanikata jicho. "Wewe ndiye mwenye samaki?"

Dada akafanya yote. Aliwamwagia chakula kama anapikia shughuli, akamwaga maji yote, akajaza mapya ya bomba yenye harufu ya dawa ya klorini, akadondosha buluu mpaka Bibi Harusi akaonekana kama ameolewa na wino. Mgambo alikufa kabla ya Jumamosi, hata hakusubiri zamu yake.

Ijumaa jioni Dada alikaa kwenye kiti mbele ya tangi, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Redio."

"Naam, Dada."

"Kule kwake waliishi. Miezi miwili, hakufa hata mmoja. Hapa nimekaa nao mwenyewe, nimewatunza kwa nguvu zangu zote, ndiyo wanaisha. Kumbe kadiri ninavyotunza ndivyo ninavyoua."

"Dada, hawa ni samaki. Hata mimi nikiishi kwenye bakuli nitakufa tu."

Hakucheka.

"Nimemwambia anifuate Jumapili ya wiki ijayo," akasema.

Nilitoka nje uani, maana Redio isipokuwa na cha kusema inabaki inakoroma tu. Kamba zilikuwa zimejaa. Nikaanza kupita kati ya makoti ya madaktari ambayo Mama alikuwa ameyaanika mchana ule, meupe ya kuumiza macho, nikigusa mikono yao mitupu kama ninawaamkia. Kati ya koti na koti, kwenye vibanio viwili, kulikuwa na kipande cha sponji. Kisafi. Kikavu. Kinanukia sabuni.

Nilikuwa nimekiona pale kabla, Ijumaa kadhaa. Nikadhani ni cha kuogea. Lakini safari hii nilikuwa nimetoka kukaa mbele ya tangi, na nilikuwa nimeona kwamba kile kichujio kidogo cha pembeni, kinachovuta maji na kuyarudisha, kilikuwa kinapiga kelele kama hakina kitu ndani.

Nikakitoa kwenye kamba nikaingia nacho chumba cha pasi.

"Mama, hii ni nini?"

"Sponji." Alikuwa anapiga pasi kola ya shati, hakuinua kichwa.

"Ya nini?"

"Ya samaki wa dada yako. Ungeiona ilivyokuwa! Nyeusi, inateleza, kama kitu kilichotoka kwenye mtaro. Naiosha kila Ijumaa akiwa kazini; leo tu amewahi kurudi kabla sijairudisha. Naloweka, nafikicha na sabuni, nasuuza, naanika. Sasa hivi hata mtoto mchanga anaweza kuilalia." Alisema hivyo kwa ile sauti anayotumia akirudisha gauni la harusi kwa mwenyewe. "Yeye amechoka yule. Hawezi kila kitu. Nimeona nimsaidie kimyakimya."

Hapo kuna kitu kilizunguka kichwani mwangu. Kidato cha tatu mwalimu wa biolojia alituchoresha mzunguko wa nitrojeni. Niliuchora vizuri sana, mishale kwa rangi tatu, nikapata alama zote, na sikuelewa hata mshale mmoja. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoila amonia hiyo, wanaigeuza mara ya kwanza, wenzao wanaigeuza mara ya pili, mpaka inakuwa kitu kisichodhuru sana. Na hao bakteria hawaelei ovyo majini. Wanajishikiza mahali, kwenye kokoto, kwenye utelezi.

Kwenye sponji nyeusi inayoteleza.

"Mama," nikasema, "huu uchafu ulikuwa hai."

"Uchafu wote uko hai. Ndiyo maana tunauua."

"Mama, nisikilize. Ule weusi ndio uliokuwa unakula sumu ya samaki. Ni wafanyakazi. Yaani kama wewe hapa. Wewe ukiondoka kwenye hoteli ile, wiki moja tu, shuka zao zitakuwaje?"

"Zitanuka."

"Ndiyo hivyo. Kila Ijumaa umekuwa ukifukuza dobi wa samaki."

Pasi ilisimama. Mama haachi pasi juu ya nguo, hata kukiwa na tetemeko la ardhi, lakini safari hii ilisimama, mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua nikamwondolea mkono. Kwenye kola kulikuwa na alama ya kahawia.

"Ijumaa," akasema polepole. "Na wanakufa Jumamosi."

"Si wewe peke yako, Mama. Daktari Mapezi naye kamwagisha maji yote, na Dada kalisha kupita kiasi, na yale maji ya bomba..."

"Redio. Ni mimi?"

Nilitafuta jibu la kuchekesha. Mara nyingi lipo, limejibanza mahali. Sikulipata.

"Ulianza wewe, Mama."

Akalivuta lile shati, akaanza kuisugua alama kwa kidole kilicholowa, kama kwamba alama ya pasi inatoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba haitoki.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Wewe ukifungua huo mdomo, nitakutia wanga nikuanike."

Nikajikausha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Jumatatu Mama alimpikia Dada chakula anachokipenda, akaketi mbele yake, akafungua mdomo, akasema, "Ongeza chumvi." Jumanne akamfulia sare zake zote za kazini. Jumatano akamfulia viatu. Alhamisi akafua mapazia ya chumba chake, na Dada alipoingia akakuta dirisha liko uchi, akasema, "Mama, mimi naondoka Jumapili, unanifulia mapazia ya nini?" Mama akajibu, "Yalikuwa na vumbi," akatoka mbio akaenda kulia kwenye chumba cha pasi, na mvuke ukamsaidia kujificha.

Nikamfuata. "Mama, mwambie."

"Nikimwambia ataniambia nini? Mtoto ametoka kule amevunjika, amekuja kwa mama yake, na mama yake ndiye..." Akafunika mdomo kwa taulo. "Ataondoka hapa akiwa ananichukia."

"Anaondoka hivyo hivyo, Mama. Tena anajichukia mwenyewe."

Jumamosi mchana Dada alianza kufunga begi. Samaki walikuwa wamebaki watatu: Mwenyekiti, Bibi Harusi, na Pacha ambaye sasa hakuwa pacha wa mtu. Nilisikia zipu ikivutwa mara ya kwanza, ikakwama, ikavutwa tena.

Mama akaingia sebuleni. Alikuwa na beseni, kipande cha sabuni, na ile sponji, ambayo tangu siku ile hakuthubutu kuirudisha tangini. Aliliweka beseni sakafuni katikati ya chumba, mahali ambapo hajawahi kuruhusu beseni liwekwe, akapiga magoti.

"Njoo hapa," akamwita Dada.

Dada akatoka chumbani na kitenge kimoja mkononi. "Nini, Mama?"

"Tazama." Mama akaishika ile sponji. "Naichomoa kwenye kile kidude cha pembeni. Naiweka hivi. Naloweka mpaka maji yawe meusi. Namwaga. Napaka sabuni huku na huku. Nafikicha." Mikono yake ilikuwa inafanya kila alichosema, sabuni bila maji, sponji ikilia kavu kavu. "Nasuuza mara tatu. Nakamua. Naanika juani, ikauke vizuri. Saa za wewe kurudi naiweka mahali pake. Kila Ijumaa. Tangu ile wiki uliyokuja."

Dada alimtazama, hajaelewa. Akanigeukia mimi.

Nikamweleza. Bakteria, amonia, utelezi, yote, bila mzaha, kwa mara ya kwanza maishani nikimaliza mada bila kuongeza langu.

Dada akakaa kwenye mkono wa kiti. Kitenge kikaanguka.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa," Mama akasema.

"Na umejua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliombea lisije. Mama angeweza kusema "leo." Mimi ningemuunga mkono, ningeapa.

"Wiki yote hii," Mama akasema.

"Wiki yote." Sauti ya Dada ilipanda kidogo tu, lakini Pacha akakimbilia nyuma ya kokoto. "Nimekuwa hapa nanawa mikono kama muuaji. Nimekuwa usiku naitazama hii mikono, nasema kumbe yule mtu alikuwa anasema kweli. Nimempigia simu mimi mwenyewe, Mama. Nimemwambia njoo unichukue, nimekubali hata mtoto asiye hapa duniani akalelewe kwa mama yake. Na wewe unanifulia viatu!"

"Niliogopa utaondoka kwa ajili yangu," Mama akasema akiwa bado amepiga magoti. "Halafu nikaona unaondoka ukijilaumu bure."

"Nilisema msiliguse."

"Ulisema."

"Nilisema, Mama."

"Ulisema, mwanangu."

Dada aliinama akachukua ile sponji mikononi mwa Mama. Nilidhani atamrushia. Akaenda kwenye tangi, akaisuuza kwenye kikombe cha maji ya samaki mpaka povu likaisha, akaibonyeza taratibu, akairudisha kwenye kichujio. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na hatukusikia zipu tena, wala kufunguka wala kufungwa.

Jioni alitoka, macho yamevimba, hakumtazama Mama. Akaniuliza mimi tu.

"Sasa inafanywaje?"

Nikamwambia niliyoyajua, na niliyoyatafuta kwenye simu. Chakula kidogo, chembe za kuhesabika. Maji yabadilishwe robo tu, si yote, na yawe yamelala ndooni siku nzima ili klorini itoke. Dawa ya buluu tuitupe, ikiwezekana pamoja na Daktari Mapezi. Na sponji isiguswe. Ikiziba ikamuliwe kwenye maji yale yale ya tangi. Halafu kusubiri bakteria warudi. Wiki, labda zaidi.

"Na hawa watatu watasubiri?"

"Sijui, Dada."

Shida ya kwanza ilikuwa ndoo. Nyumba nzima hatukuwa na ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni. Ikabidi Mama atoe sufuria lake kubwa la kupikia wageni. Alilileta mwenyewe, akaliweka mlangoni, akarudi nyuma kama mtu anayemwachia paka chakula.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa yamechafuka, meupe, mazito, kama maji yaliyooshewa mchele. Nilikuwa nimesoma kwamba huwa hivyo mambo yanapoanza upya. Lakini kusoma ni kitu kingine na kuamka ukakikuta ni kingine. Bibi Harusi alikuwa amelala chini, mkia umemfunika.

Shemeji alifika wakati Dada bado ameshika kijiko.

Aliingia na manukato yake, amenyoa vizuri, shati limenyooka. Akamwamkia Mama kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama," Mama akaitikia kwa sauti isiyotoka. Akaliona tangi, akaona kijiko, akaona kilichomo kijikoni. Uso wake ukafunguka.

"Ah! Mpaka leo? Hata siku ya kuondoka umeniandalia mmoja?" Akanigeukia. "Redio, si nilisema lakini? Mtu mwenyewe anajijua."

Mama akapiga hatua mbele. "Baba, hao samaki ni mimi nili—"

"Mama, acha," Dada akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu jana.

Akaweka kijiko mezani, taratibu.

"Ni kweli," akamwambia Shemeji. "Niliwalisha kupita kiasi. Nikamwaga maji yote. Nikawatia dawa bila kujua wanaumwa nini, nikawawekea maji ya bomba mabichi. Na Mama akafua sponji. Tumekosea wote. Hayo ni makosa, yanajulikana, kila anayeanza huyafanya. Tunayarekebisha."

"Sawa, sawa, makosa." Alikuwa bado anacheka. "Na ile nyingine je, nayo ilikuwa sponji?"

Nilimwona Mama akishika ukingo wa meza.

"Ile nyingine," Dada akasema, "daktari alikueleza. Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti, ukiangalia simu. Alisema hakuna aliyekosea. Nilimsikia, halafu nikakusikiliza wewe."

"Mimi nilikuwa natania tu, jamani."

"Najua."

"Kwa hiyo sasa tunaondoka au hatuondoki? Nimeacha gari vibaya huko nje."

"Mimi siondoki."

"Kwa ajili ya samaki wawili?"

Dada akakiinua tena kile kijiko. Shemeji akanitazama mimi, labda akitafuta mtu wa kucheka naye, maana tulikuwa tumecheka sana zamani. Nikaangalia ukuta. Akamtazama Mama. Akatikisa funguo zake mfukoni, akasema kwamba hatarudi mara ya pili, na kwamba tusije tukasema hakuja. Hilo hatutasema, alikuja. Mlango aliufunga polepole, na hilo liliniumiza kuliko kama angeubamiza, sijui kwa nini.

Dada alienda jikoni. Tukasikia analia, kilio kirefu chenye kila kitu ndani yake, na samaki wakiwamo. Mama akanyanyuka kumfuata, akafika mlangoni akasimama. Akarudi. Akaona kikombe mezani, akakichukua akioshe, akakiweka chini. Akashika pazia, akaliachia. Alikuwa anazunguka sebule yake mwenyewe kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa.

"Niende?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Labda subiri."

Tukasubiri. Ndani ya tangi hatukuona kitu, weupe mtupu. Sikujua kama Mwenyekiti yuko hai huko nyuma au tutamkuta naye.

Dada alipotoka alikuwa amenawa uso. Akalitazama tangi, kisha lile sufuria mlangoni.

"Mama," akasema, bado hamtazami vizuri. "Nisaidie kujaza hilo la kesho. Maji ya bomba tu, hayo hayo. Ukishajaza, uliache."

Mama akalinyakua sufuria kwa mikono miwili. Akalijaza, akalirudisha bila kumwaga tone, akalitua karibu na meza. Akakaa kwenye kigoda pembeni yake.

"Nisilifunike?"

"Usilifunike."

"Likiingia vumbi?"

"Mama."

"Haya." Akaikunja mikono, akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia.